Kushuka Mlima Kara kwa Miguu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana na wazazi katika darsa ya jioni ya Ramadhani, kabla ya futari. Yamepunguzwa kidogo ili yaingie katika jarida.)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, wazee wetu, na mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia. Nimepewa dakika 20, na aliyenipa ameniangalia kwa jicho la kuniambia kuwa sambusa hazitanisubiri. Niliombwa nizungumze juu ya fadhila za umra. Lakini fadhila mmezisikia hapa hapa kutoka kwa masheikh, na mimi ni mwanafunzi tu. Madrasa nimesoma, alhamdulillahi, ila chuoni nasoma ujenzi wa barabara na madaraja. Basi nimeona nizungumze juu ya barabara. Barabara moja ya mawe, ya zamani, inayoshuka kutoka Taif kuelekea Makkah, ambayo mimi na ndugu yangu tuliishuka kwa miguu tukiwa ndani ya ihramu, mwezi wa Disemba 2023.

Nikisema ndugu yangu, namaanisha mtoto wa ami yangu. Amenizidi miaka minane, tumelelewa nyumba moja. Na ili mnielewe, lazima niwape habari ambayo si ya kupendeza. Mwaka 2019 huyu kaka alipata kazi ya udereva Saudia. Wakala alitaka pesa, na yeye hakuwa nazo. Marehemu baba yangu akamkopesha shilingi 140,000. Pesa hizo zilikuwa za masomo yangu. Baba aliniambia, usiwe na wasiwasi, mpaka wewe umalize sekondari zitakuwa zimerudi mara mbili. Hazikurudi. Baba alifariki mwaka 2021, Allah amrehemu, na mimi nikakaa nyumbani mwaka mzima nikiuza katika duka la vifaa vya ujenzi huku wenzangu wakiingia chuo. Kaka alipiga simu siku ya matanga, akalia, hakutaja deni. Tangu siku hiyo sikuongea naye. Miaka miwili na zaidi. Nami nilikuwa nasali safu ya mbele, msidhani.

Mwaka 2023 Allah akamjaalia Mama kwenda umra, nami nikamsindikiza kama maharimu wake. Tulimaliza umra yetu salama. Siku ya tatu, tunatoka msikitini baada ya Isha, namwona Mama ameshikwa mkono na mtu mrefu amevaa kanzu, wanalia wote wawili. Alikuwa yeye. Alikuwa ameendesha gari kutoka Taif. Kumbe Mama ndiye aliyemwita, na mimi sikuambiwa.

Mama akasema maneno machache tu. Kaka yako anakaa Taif, kule kuna miqati. Mimi nitabaki na akina mama wenzangu wa kikundi. Wewe nenda kwake ulale, kesho ufunge ihramu huko umfanyie baba yako umra. Nendeni pamoja. Nikataka kusema nimechoka. Mama akaniangalia. Nikaenda.

Kwa wale wasioijua Taif, iko juu. Mwinuko wake unakaribia mita 1,900, yaani imeizidi Nairobi kidogo, na Disemba ni baridi kweli kweli. Makkah iko chini, ndani ya mabonde ya joto. Kati yake kuna ukingo mkubwa wa milima, na mahali barabara ya sasa inaposhukia panaitwa al-Hada, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mlima wenyewe ni Jabal Kara. Barabara ya magari ya al-Hada ilifunguliwa mwaka 1965, inajipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Kabla ya hapo aliyetaka kwenda Makkah kutoka Taif alikuwa na njia mbili. Misafara mizito ilizunguka kaskazini kwa Seil, ndefu lakini nyepesi. Aliyetaka kufupisha aliteremka Kara.

Na hii haikuwa njia ya watu wa Taif pekee. Mahujaji wa milima ya Yemen, kutoka Sanaa na Saada, walipanda juu kwa juu wiki nyingi, mlima baada ya mlima, mpaka upande huu, na hapa ndipo safari yao yote ilipogeuka kuwa mteremko. Sisi watu wa pwani wazee wetu walikwenda kwa jahazi, baadaye kwa meli, wakashukia Jeddah. Siku hizi tunavaa ihramu kwenye uwanja wa ndege na miqati tunaipita hewani, wengine wamelala. Wale walikuwa wakiiona miqati kwa macho yao.

Miqati ya upande huo ni Qarn al-Manazil, moja ya zile alizoziweka Mtume (S.A.W.). Watu wanaoteremka kwa al-Hada hufunga ihramu kwenye msikiti wa Wadi Muhrim, ambao uko juu ya bonde hilo hilo. Tulifika pale kabla ya Alfajiri. Niliwahi kuona baridi kule Limuru, lakini baridi ya Limuru mtu una sweta. Huku umeoga maji, umejifunga vitambaa viwili, kichwa wazi, kifundo wazi. Meno yalikuwa yanagongana.

Miguuni nilivaa makubadhi ya Baba. Nilikuwa nimeyachukua kutoka nyumbani makusudi, kwa ajili ya umra yake. Kaka aliyaona, akayatambua, akanyamaza.

Baada ya sala na rakaa zetu tukasimama kutia nia. Nami nikatia nia kwa sauti ndogo, nikitaja umra kwa niaba ya baba yangu. Pembeni yangu nasikia sauti ya kaka, naye anamtaja Baba. Jina lake kamili, na la babu.

Ndugu zangu, nilihisi damu imepanda kichwani. Wewe? Wewe uliyekula pesa zake, umfanyie umra kwa haki gani? Nikafungua mdomo. Halafu nikakumbuka kwamba sekunde tano zilizopita nimeingia kwenye ihramu. Aya inayokataza mabishano imetaja hija, na maulamaa wanaipitisha kwenye umra pia. Kifiqhi sikuwa na hoja: watu wawili kumfanyia maiti mmoja umra hakuna tatizo, na yeye umra yake mwenyewe alishaifanya mara nyingi. Basi nikafunga mdomo, tukaleta talbiya. Nawaambia ukweli, talbiya yangu ya mwanzo ilikuwa ya hasira.

Tulipofika al-Hada jua lilikuwa linachomoza na chini yetu bonde lote limejaa ukungu. Yaani unasimama ukingoni huoni Tihama, unaona pamba. Njia inaitwa Darb al-Jammala, njia ya wenye ngamia. Wenyeji wanasema ilikuwepo na nyingine ya waendao kwa miguu, fupi na kali zaidi, maana ngamia aliyebeba mzigo hawezi ngazi ndefu, anataka mzunguko na mwinuko wa taratibu. Sisi tulifuata ya ngamia.

Hapa mnisamehe, nitazungumza kama mwanafunzi wa barabara. Njia ile ni ya mawe yaliyopangwa, mapana, yamelazwa kwa vidato vifupi ili mnyama apate pa kukanyaga. Upande wa bonde kuna ukuta mfupi wa mawe. Kila inapokata kona, kona imepanuliwa. Sikuona saruji katika sehemu za zamani, na bado imesimama kwenye mlima ambao mvua ikinyesha maji yanashuka kama yamefunguliwa bomba. Sisi huku tunaweka lami mwaka huu, mvua ya vuli inaondoka nayo. Nilipiga magoti mara mbili kuangalia jiwe lilivyoegemea jiwe, mpaka kaka akauliza kama nimepoteza kitu.

Nani aliijenga? Imekarabatiwa na wengi kwa zama tofauti. Lakini mmoja anayetajwa na Umara, mwanahistoria wa Yemen wa karne ya 12, ni Husayn bin Salama. Huyu alikuwa Mnubi, mtu mweusi wa bara letu hili, aliyeanza maisha kama mtumwa, akapanda mpaka akawa ndiye anayeendesha dola ya Zabid huko Yemen. Alifariki mwaka 402 Hijria, sawa na 1011 au 1012. Alijenga misikiti na visima katika njia za mahujaji kutoka Hadhramaut mpaka Makkah, na Umara anamtaja kuwa ndiye aliyeitengeneza njia ya mlima wa Taif, ikawa pana kiasi cha kupita ngamia watatu wenye mizigo kwa pamoja. Anasema pia kuipanda kunachukua siku nzima na kuishuka nusu siku. Sisi, bila mizigo, tulichukua saa nne na nusu na vituo, kwa hiyo mzee Umara hakutia chumvi. Mimi historia hii sikufundishwa popote, si madrasa wala sekondari. Nimeisoma baada ya kurudi, nikajiuliza kwa nini majina ya watu kama hawa hatuyajui, na tunayajua ya wachezaji wote wa Uingereza pamoja na wale wa akiba.

Turudi njiani. Saa ya kwanza hatukusema neno. Mimi mbele, yeye nyuma. Ukungu ulikuwa mnene, mawe yameloa, na makubadhi, mnajua wenyewe, soli yake ni laini kama sahani. Niliteleza mara tatu. Mara ya tatu nikasikia mkono umenishika kiunoni kwenye mkanda wa ihramu. Nikasema shukran, kama unavyomwambia kondakta.

Halafu wakaja nyani. Msicheke. Nyani wa kule si kama wetu wa Tsavo. Madume yana manyoya ya kijivu yaliyoshuka mabegani kama joho la kadhi, uso mwekundu, na yamezoea kulishwa na watalii juu al-Hada. Dume moja likashuka ukutani taratibu, likamnyang'anya kaka mfuko wa mikate, likakaa hatua kumi mbali likaanza kula huku linatuangalia. Kaka akainama akaokota jiwe. Nikapiga kelele, "Ihramu!" Akasema, "Simuwindi, namfukuza." Nikasema mawindo ni mawindo. Akasema nyani haliwi, kwa hiyo si mawindo, na anayeshambulia hufukuzwa. Nikasema hajashambulia, ameiba. Tukabishana pale katikati ya mlima masuala ya fiqhi, watu wawili wenye vitambaa, mpaka tukagundua kwamba yule nyani amemaliza mikate yote na ameondoka na mfuko. Hapo tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na kaka tangu nilipokuwa kidato cha pili.

Alikuwa bado ameshika lile jiwe. Akalitazama, akaliweka chini, sio kulitupa. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hilo hilo. Ukiwa Taif na jiwe mkononi, utafikiria nini kingine?

Kisa mnakijua. Mwaka wa kumi wa utume, kama mwaka 619, Bi Khadija (R.A.) amefariki, Abu Talib amefariki, Makkah imekuwa nzito. Mtume (S.A.W.) akaenda Taif kwa miguu, pamoja na Zayd bin Haritha (R.A.), kuwalingania Thaqif. Wakubwa wao wakamkebehi, wakamchochea watumwa na watoto wampige mawe mpaka viatu vikajaa damu, na Zayd akimkinga kwa mwili wake. Wakakimbilia katika bustani ya mizabibu ya Utba na Shayba, wana wa Rabia, na aliyewaletea zabibu alikuwa mtumwa Mkristo, Addas, mtu wa Ninawi.

Kuna watu watakwambia kwamba Mtume (S.A.W.) aliteremka kwa njia hii ya Kara. Mimi sisemi hivyo. Vitabu vya sira vinamtaja wakati wa kurudi akiwa Nakhla, na hiyo ni njia ya kaskazini. Na katika hadithi sahihi alisimulia mwenyewe kuwa alitembea kwa majonzi, hakuzinduka mpaka alipofika Qarn al-Tha'alib, ambapo maulamaa wengi wanasema ndipo hapo hapo Qarn al-Manazil, ile miqati. Ndipo alipojiwa na Jibril (A.S.) na Malaika wa milima, akaambiwa akitaka milima miwili iwafunike, itawafunika. Akakataa. Akataraji kwamba katika vizazi vyao watatoka watakaomuabudu Allah peke yake. Thaqif walisilimu mwaka wa tisa wa Hijra.

Nilipokuwa mdogo madrasa, sehemu ya milima nilikuwa naiona kama mfano tu. Lakini ukiwa chini ya Kara ukageuka ukaangalia juu, ule ukuta wa mawe unafunga mbingu nusu, ndipo unapopata picha ya alichopewa na alichokikataa, na miguu yake bado inavuja damu.

Tulikuwa tumeshuka kama nusu, ukungu tumeuacha juu, jua limeanza kuuma vichwani, pale gidamu ya kubadhi la kulia ikakatika. Nikakaa juu ya ukuta. Kutembea peku juu ya mawe yale isingewezekana. Kaka akavua ndara zake akaniwekea mbele. Nikakataa. Akakaa, akatoa kamba iliyofungiwa boksi la tende, akalichukua lile kubadhi kutoka mkononi mwangu, akaanza kulifunga. Anafunga huku anaongea, hanitazami.

Akasema, haya makubadhi nilikuwa naye siku aliponunua. Akasema mwajiri wa kwanza alimkalia na mshahara miezi tisa na pasipoti yake akaishika. Alipopata mwajiri mwingine, alikuwa na madeni ya watu wa huku huku, wanaomgongea mlango. Ami alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa, na hata siku moja hakuuliza pesa. Angeuliza, akasema, ningelipa haraka. Ile kutouliza ndiyo iliyonimaliza. Halafu ami akafariki. Nikasema sasa nitampelekea nani? Nikimtumia Mama atadhani nanunua msamaha. Nikikutumia wewe, hupokei simu.

Nikamwambia, deni la marehemu ni mirathi, lina wenyewe: Mama, mimi na dada zangu. Ulifundishwa hilo na mwalimu yule yule aliyenifundisha mimi. Akasema, najua. Nikamwambia, nimekaa mwaka mzima nikiuza misumari. Akasema, najua hilo pia, Mama aliniambia. Nikamuuliza, na leo umeona umra ndiyo malipo? Hapo sauti yangu ilipanda, nakiri, na mwangwi ukaturudishia kutoka upande wa pili wa bonde. Akasema, hapana. Umra hii ni zawadi yangu kwake. Deni ni deni.

Akanivisha kubadhi. Yeye, mkubwa wangu kwa miaka minane, ameinama mbele ya mguu wangu. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Tukaendelea. Sasa yeye mbele. Aliniambia mambo mengi ya kazi yake, ya usiku anaoendesha mpaka macho yanaona barabara mbili, ya Ramadhani ambazo amefuturu peke yake ndani ya gari kwa tende na maji. Nami nikamweleza habari za chuo. Juu ya vichwa vyetu zilikuwa zinapita zile gari za kamba zinazowashusha watu kutoka al-Hada mpaka kijiji cha Kar kule chini, na watoto ndani wakitupungia mikono. Wao walitumia dakika chache tu. Tulisikia wivu, msidanganywe.

Na hili nilisema wazi, msije mkasema nimewaambia kutembea ni sunna. Mtume (S.A.W.) alimwona mzee aliyeweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, anakokotwa na wanawe wawili, akaamuru apande kipando, kwa kuwa Allah hana haja na mtu kujiadhibu. Ukiwa na gari, panda gari. Sisi tulikuwa tumetumwa na Mama.

Jambo jingine dogo. Karibu na Kar, wenyeji wawili waliokuwa wamekaa kwenye kivuli walituita, wakatupa kahawa. Mmoja akatoa kichupa cha maji ya waridi, waridi la Taif lile linalovunwa msimu wa machipuko, akataka kutupaka mikononi kama ukarimu wao. Tulirudisha mikono nyuma kwa pamoja kama tumechomwa, maana manukato katika ihramu hayafai. Mzee akatuangalia vile vitambaa, akajipiga paji la uso, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akatufungia vichupa viwili kwenye karatasi, akasema baada ya kunyoa.

Kutoka Kar rafiki ya kaka alitupakia kwenye gari. Bonde la Wadi Nu'man linaanzia chini ya mlima ule, na humo ndimo ulimotoka mfereji wa Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, uliopeleka maji Arafa na Makkah kwa mahujaji. Tulipita Arafa mchana, tupu, hakuna mtu. Nililala begani mwa kaka. Sikukusudia.

Tulitufu baada ya Asr. Kwenye sai goti langu lilikuwa limevimba, hatua za mwisho za Marwa nilizipanda nimemshika mkono. Tukaenda kwa kinyozi. Kinyozi akauliza nani analipa, kaka akatoa pesa ya wawili. Nikamwambia, hiyo siikati kwenye deni. Akasema, ndiyo maana nimechagua kinyozi wa bei rahisi.

Usiku ule, mbele ya Mama, tukafanya lile ambalo Qur'ani imetuamrisha na sisi katika ukoo tunaona aibu kulifanya: tukaandika. Karatasi moja, kiasi, majina ya warithi, mashahidi wawili kutoka kikundi chetu. Alitoa riyali 1,500 hapo hapo, kama shilingi 60,000 kwa bei ya siku zile. Mama alitaka kumsamehe yaliyobaki. Kaka akakataa, nami, Allah anisamehe, nilifurahi kwamba amekataa. Mama anaweza kusamehe fungu lake, lakini dada zangu nao wana lao.

Mnataka kujua limeishaje. Halijaisha. Amekuwa akituma 3,000, mara 5,000, na zimebaki 23,000. Rajabu hakutuma. Shaabani hakutuma. Nimeandika ujumbe mara mbili nikaufuta, kisha juzi, usiku wa pili wa Ramadhani, nikampigia, si kwa habari ya pesa, kumuuliza amefuturu na nani. Akasema yuko ndani ya gari, barabara ya al-Hada, amesimama ukingoni na tende zake, na nyani wanamwangalia.

Makubadhi yako kwa fundi pale Mji wa Kale. Nimemwambia gidamu abadilishe, ile kamba ya tende anirudishie.

Namwona mwadhini ameshika kipaza sauti. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.